Kiti, mguu au benchi: nani amsindikize mgonjwa?

Mama wa chapati alikuwa amefika kwenye dispensari yetu mara ya nne ndani ya wiki sita, na kila mara shida ni ile ile: kichwa kinauma upande mmoja, usingizi hakuna. Presha ilikuwa juu kidogo, si ya kutisha. Daktari wetu, ambaye kwa vyeti ni afisa wa kliniki lakini hapa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, alikuwa amemwandikia dawa za maumivu na kikaratasi cha kumpeleka kwa ushauri nasaha. Siku hiyo nilikuwa nimeketi mlangoni nikingoja mkutano wa kamati ya kituo. Mama akawa anatafuta kadi yake ya kliniki. Akamwaga pochi mapajani: risiti ya tokeni za stima, orodha ya chama cha akiba yenye majina kumi na mawili, ufunguo uliofungwa kwa uzi, na kile kikaratasi cha ushauri nasaha, kimekunjwa mara nne, hakijawahi kufunguliwa. Chini ya vyote hivyo kulikuwa na notisi ya landilodi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Mara nne amepimwa presha, na hakuna aliyeiona notisi.

Kamati yetu ilikuwa na pesa kidogo za kufanya jambo moja kuhusu wagonjwa wa namna hii, na jambo moja tu. Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu. Kwa kuwa nilitembea nyumba kwa nyumba miaka kadhaa nikiwa CHV, yaani mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, kabla jina halijageuzwa kuwa CHP, mhamasishaji wa afya ya jamii, nilipewa kazi ya kuyalinganisha. Ninaandika haya kwa kamati nyingine, kwa wenye kliniki ndogo za mtaani na kwa vikundi vinavyowaza jambo hilo hilo.

Neno lenyewe kwanza

Waingereza wana utaratibu ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita maagizo ya kijamii. Daktari akiona kwamba maumivu ya mgonjwa yanatoka kwenye deni, upweke, nyumba mbovu au msiba, anampeleka kwa mhudumu wa kiungo. Huyu si daktari wala muuguzi. Ana muda. Anaketi na mtu hata saa nzima, anamuuliza jambo gani lina uzito maishani mwake kwa sasa, halafu anamuunganisha na kikundi cha bustani, washauri wa madeni, darasa la mazoezi, chochote kinachofaa. Kituo cha Bromley by Bow, mashariki mwa London, kilichoanza 1984, kinatajwa sana kila asili ya kazi hii inaposimuliwa. Serikali yao iliingia kwa nguvu baadaye: mpango wa Januari 2019 wa NHS, huduma yao ya afya ya taifa, uliahidi wahudumu hao zaidi ya 1,000 kufikia mwisho wa mwaka wa fedha wa 2020/21, na watu zaidi ya 900,000 wawe wamepelekwa kwao kufikia 2023/24. Shirika la Afya Duniani nalo, kupitia ofisi yake ya Pasifiki ya Magharibi, lilitoa mwongozo wa kuanzisha huduma hii mwaka 2022.

Mimi jina la kiungo silipendi. Kiungo hukaa mahali pake kikishika huku na huku. Mgeni akitoka kwako humwonyeshi mlango ukarudi kwenye kochi. Unavaa viatu unamsindikiza, na kama giza limeingia unafika naye mpaka steji. Kazi ninayoiona hapa ni ya msindikizaji. Na ukishaiita hivyo, swali la kulinganisha linakuwa jepesi zaidi: katika njia hizi tatu, ni ipi itakayomfikisha mtu steji, na ipi itamwachia kikaratasi mkononi?

Kuna ushahidi mmoja ulionifanya nishikilie kipimo hicho. Glasgow, Scotland, waliweka wahudumu wa aina hii katika kliniki saba za maeneo maskini sana, wakazilinganisha na nyingine nane ambazo hazikuwa nao. Matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuwa ya kupigia vigelegele: ukichukua wote waliopelekwa kwa wahudumu hao, ubora wa maisha yao haukutofautiana na wa wenzao. Lakini wale waliomwona mhudumu mara tatu au zaidi walipata nafuu ya wasiwasi na huzuni, na walifanya mazoezi zaidi. Huenda waliorudi mara tatu walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, sikatai. Hata hivyo, kwa mtu aliyefanya kazi mtaani hilo la mara tatu halishangazi. Mara ya kwanza mtu anakuambia kichwa kinauma. Mara ya pili anakuambia mume hayuko. Mara ya tatu ndipo anaitoa notisi.

Kiti kituoni

Pendekezo la kwanza lilikuwa la mtindo wa Uingereza wenyewe: mtu mmoja wa kulipwa mshahara, meza yake na kiti chake ndani ya kituo, mgonjwa anatoka kwa daktari anaingia kwake.

Watu husema hili ni jambo la nchi tajiri. Si kweli kabisa. Nairobi imekuwa nalo kwa miaka mingi, ila limefungiwa kwenye chumba kimoja. Nenda kliniki yoyote ya kuhudumia wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ile tunayoiita CCC, utakuta washauri rika, kina mama washauri waliopitia njia hiyo hiyo wakiwa wajawazito, na mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha aliyepatikana na virusi leo anafika chumba cha pili leo, akishikwa mkono. Asipokuja siku yake anapigiwa simu. Anayekuja kwa presha, kwa sukari, kwa huzuni baada ya kuzika mtoto, hana mtu huyo. Tofauti yao ni nani alikuwa analipa.

Nguvu ya kiti ni siri. Mgonjwa wa Nairobi anaishi chumba kimoja kwenye ploti yenye milango thelathini, choo cha pamoja, kamba ya nguo ya pamoja. Kituoni angalau kuna mlango unaofungwa, na anayemsikiliza haishi mlango wa pili. Nguvu nyingine ni kwamba kiti kiko karibu na karatasi. Shida ya kwanza ya wengi wanaofika kwetu na "mambo ya nyumbani" huwa SHA, bima ya afya ya serikali: hajajisajili, au amejisajili simu ikapotea, au amejibu maswali ya kipato akapewa kiwango asichokielewa. Huduma za msingi katika vituo vya level 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, zinapaswa kuwa bila malipo kwa aliyesajiliwa, lakini usajili wenyewe unamshinda mzee asiyesoma maandishi madogo ya *147#, namba ya kujisajilia kwa simu. Mtu mwenye kiti anaweza kumaliza hilo kwa dakika ishirini, hapo hapo, na mgonjwa akatoka na kitu kilichokamilika mkononi. Usidharau hilo. Imani ya mtu mtaani hujengwa na jambo dogo lililokwisha.

Udhaifu wake ni kwamba kiti hakitembei. Mhudumu wa London akimwambia mtu aende kwa washauri wa madeni, ofisi ipo, basi linapita, na nyuma yake kuna posho za serikali na nyumba za halmashauri. Hapa Nairobi, tukimwambia mama aende FIDA au Kituo cha Sheria kwa msaada wa kisheria, mashirika yapo kweli na yanafanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, lakini kwenda ni siku nzima bila kuuza chapati, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Anayeketi kwenye kiti hataiona siku hiyo iliyopotea. Ataandika "ameelekezwa" na kuita anayefuata. Na mshahara ukiisha na mradi, kiti kinabaki, mtu anaondoka na orodha yote ikiwa kichwani mwake.

Mguu mtaani

Pendekezo la pili lilikuwa la kuwatumia CHP tulio nao. Tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais aliwazindua zaidi ya 100,000 nchi nzima wakiwa na mikoba ya vifaa: kipima presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kuripotia. Mwezi uliofuata Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 ikatiwa saini, kazi yao ikapata mahali kwenye sheria baada ya miaka na miaka ya kuitwa wa kujitolea.

Kila CHP anatarajiwa kushika nyumba zipatazo 100. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Gawanya: shilingi 50 kwa nyumba, kwa mwezi. Ukitaka kujua kama kazi ya kusindikiza inaweza kuongezwa juu ya hapo bila kuongeza kitu, jibu limo kwenye hesabu hiyo. Nimeona mikutano ambapo mtaalamu mgeni anasema kwa uchangamfu kwamba "CHP watalifanya hilo pia." Watalifanya vipi? Simu yenyewe imejaa fomu za chanjo, ujauzito, uzani wa mtoto, presha, sukari. Kila mradi unaoingia mtaani unaona CHP ni punda asiyechoka.

Hata hivyo hakuna anayeujua mlango kama yeye. Anajua kwamba shosho wa chumba cha mwisho amekuwa akila mara moja kwa siku tangu mjukuu aende kazi ya nyumbani Syokimau. Anajua kikundi gani cha kanisa kinatembelea wagonjwa kweli na kipi kinapiga picha tu. Ametimiza miaka sabini huyo shosho? Basi CHP ndiye atakayeuliza kama amesajiliwa kwa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi kwa wazee, na ndiye atakayeenda naye kwa chifu kama jina halipo. Mtu wa kiti angesubiri shosho aje kituoni, na shosho haji, kwa sababu ngazi za ghorofa ya nne zimemshinda.

Tatizo kubwa la mguu mtaani ni lile lile linaloupa nguvu: ujirani. Nilipokuwa CHV kulikuwa na nyumba ambayo kila nikibisha mama anafungua mlango kiasi cha kuonyesha jicho moja. "Tuko sawa, asante, mtoto amelala." Nilielewa baadaye kwamba mumewe na mimi tulikuwa chama kimoja. Angeniambia nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu za afya zilindwe, lakini sheria haiwezi kuzuia watu kumwona CHP akiingia kwako mara tatu kwa wiki na kuanza kukisia.

Halafu kuna kuhama. Wapangaji wa Pipeline na Kayole hawakai. Mwezi huu yuko hapa, kodi ikipanda au ugomvi ukizuka, lori dogo linakuja usiku. Msindikizaji anayefuata nyumba humpoteza mtu. Anayefuata mtu kwa namba ya simu humpata.

Benchi chini ya mti

Pendekezo la tatu nililipenda kuliko mengine nilipolisoma, na ndiyo maana nililichunguza kwa ukali zaidi.

Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, amesimulia hadharani mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua kwa sababu familia haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 akaanza kazi Mbare, mtaa wa Harare, na nyanya kumi na wanne waliokuwa tayari wahudumu wa afya ya jamii. Vyumba vya kliniki havikuwa na nafasi kwao, wakawekwa nje, kwenye benchi. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili na watu wakalikwepa. Nyanya ndio waliosema jina libadilishwe, likawa benchi la urafiki, Chigaro Chekupanamazano kwa Kishona. Hapo watu wakaketi. Sisi wa Nairobi tunaelewa bila kufafanuliwa: kwetu ukitaja akili tu, mtu anasikia Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili.

Wanachofanya hapo kina utaratibu. Mtu anajibu maswali 14 mafupi, kisha katika mikutano isiyozidi sita anafungua mawazo, anataja matatizo yake yote, anachagua moja tu, anapanga hatua moja anayoiweza, anaenda kuijaribu, anarudi. Baadaye anakaribishwa kwenye kikundi ambako watu husuka mifuko kwa plastiki zilizotumika huku wakizungumza. Jaribio lililochapishwa mwishoni mwa 2016, lenye watu 573 katika kliniki 24 za Harare, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81 za dalili, na waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa 8.90. Pengo hilo si dogo.

Nairobi nayo ina ushahidi wake, na nashangaa jinsi usivyojulikana na watu waliomo mjini humu. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mikutano mitano wa kukabili matatizo, unaoendeshwa na watu wasio wataalamu. Ulijaribiwa kwenye mitaa yetu kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yakachapishwa 2017: dhiki ilipungua zaidi kwa waliokutana na wahudumu hao kuliko kwa waliopelekwa kwa wauguzi wa vituo. Na wahudumu wenyewe walikuwa akina nani? Wahudumu wa afya ya jamii. Watu kama mimi, waliofunzwa vizuri na kusimamiwa kila wiki.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mapendekezo yetu matatu hayakuwa matatu kamili. Benchi halikuhitaji mtu mpya. Lilihitaji mafunzo na msimamizi.

Lakini ukali nilioahidi ni huu. Benchi hutuliza mawazo na kumpa mtu njia ya kupanga, halilipi kodi. Mtu mwenye deni la miezi mitatu atachagua tatizo la kodi, atapanga hatua, na hatua hiyo itahitaji mtu anayejua wakala wa landilodi ni nani. Bila orodha ya mahali pa kwenda, benchi linageuka kuwa mahali pa kulia. Kulia kuna faida yake, ila watu wa mtaa hawatarudi mara sita kulia. Pia benchi bila msimamizi ni hatari. Atakuja mtu siku moja aseme amechoka kuishi, na aliyeketi naye lazima ajue nini cha kufanya dakika hiyo: asimwache peke yake, amuingize kwa daktari siku hiyo hiyo. Zamani wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho cha 226 Januari 2025. Habari hiyo haijafika kila mlango, na aliye kwenye benchi anapaswa kuwa nayo mdomoni.

Tukizileta kwa watu wenyewe

Kulinganisha kwa maneno ya jumla kulituchosha kwenye mkutano. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja fundi wa viatu, akasema, "Tuleteeni watu, tuache mitindo." Basi tukaleta.

Mama anayepigwa nyumbani. Hapa kiti kinashinda wazi. Anahitaji mlango unaofungwa na mtu asiye jirani, namba ya 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, isemwe kwa mdomo na aikariri, na kama amebakwa, aelezwe kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina maana ndani ya saa 72 tu. Kikaratasi asipewe kabisa. Kikaratasi kwenye pochi kinaweza kumuua. CHP wa ploti yake asihusishwe mpaka mwenyewe aseme sawa.

Mzee mpweke mwenye presha. Mguu mtaani, bila ubishi. Haji kituoni, na akija hatasema yeye mpweke, atasema miguu. Anahitaji mtu ambaye Jumanne atambishia na kusema, "Mzee, twende kidogo."

Kijana anayekesha akicheza kamari kwenye simu. Hapo tulikwama. Kiti atakidharau, CHP ni rika la mamake. Benchi labda, kama anayekaa juu yake ni kijana mwenzake.

Mwenye sukari aliyeacha dawa. Kipima sukari cha CHP na kikundi cha wenzake wanaokutana siku ya kliniki. Hapa siri si kubwa sana, watu husema wana sukari kama wanavyosema wana wajukuu, kwa hiyo nguvu ya kikundi inafanya kazi haraka.

Mama wa chapati. Yeye ndiye aliyetufanya tubishane mpaka chai ikapoa. Alikuwa anahitaji vitatu vyote, kwa mpangilio: kwanza mtu wa kumsikiliza mpaka notisi itoke, halafu mtu wa kumsaidia kuchagua afanye nini, halafu mtu wa kwenda naye.

Orodha yetu iliyokufa

Kabla sijasema tulichochagua, niseme tulichokosea, kwa sababu kosa hili lingeiharibu njia yoyote kati ya hizo tatu.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumechapa orodha ya vikundi vya mtaa tukaibandika ukutani, karibu na bango la chanjo. Kilikuwemo kikundi cha wazee wenye presha kilichotembea pamoja kila Jumamosi asubuhi kuanzia lango la uwanja. Tulimwelekeza huko mzee mmoja, fundi seremala aliyefiwa na mkewe. Akaenda saa kumi na mbili na nusu, amevaa raba alizoazima kwa mwanawe. Akaketi kwenye jiwe la langoni mpaka saa tatu. Hakuja mtu. Kikundi kilikuwa kimekufa miezi mingi nyuma, kiongozi wake alipohamia ushago, na hakuna aliyefuta jina ukutani. Mzee hakurudi hata kwa dawa zake kwa miezi miwili. Alipokuja hatimaye hakulalamika. Alisema tu, "Niliwangoja."

Tangu siku hiyo nina kanuni: usimpeleke mtu mahali ambapo hujapiga simu wiki hiyo. Orodha ya mtaa huoza haraka kuliko nyanya. Anayeitunza awe mtu mmoja, si kamati, na apewe airtime, kwa sababu bila airtime atakisia.

Kilichochaguliwa

Kwa kituo cha level 2 au 3 kilichojaa watu kama chetu, nilishauri tusiajiri mtu mpya. Tulichukua CHP wawili wazoefu, mmoja mwanamke wa makamo na mmoja kijana, ambao nyumba zao ziko upande wa pili wa barabara, mbali na ploti wanazotoka wengi wa wagonjwa wetu. Msimamizi wao akakubali kuwapunguzia nyumba. Kila mmoja anakaa kwenye kiti asubuhi mbili kwa wiki, na alasiri moja ni ya kusindikiza. Pesa yetu ndogo inaenda kwenye posho ya siku hizo, nauli ya watu wawili, airtime, na mafunzo ya ile mikutano mitano. Muuguzi mmoja mwenye mafunzo ya afya ya akili anaketi nao kila Ijumaa kupitia majina magumu. Mgonjwa akiingia, lengo ni mara tatu. Baada ya hapo anaamua mwenyewe.

Kliniki ndogo ya binafsi yenye chumba kimoja na pazia isijidanganye kwa kiti. Siri haipo hapo. Ni afadhali iwe na namba ya CHP wa eneo, imjue kwa jina, na imlipie nauli anapomsindikiza mgonjwa wake. Hospitali yenye CCC iliyokomaa ifanye kinyume chetu: iwafungulie wagonjwa wa presha, sukari na huzuni mlango wa watu iliyo nao tayari, kwa kuwa ujuzi uko humo ndani umelala. Na kikundi cha mtaani au cha kanisa kinachotaka kuanza kesho bila kituo chochote kichague benchi, ila kipate msimamizi kwanza na benchi baadaye.

Na dawa za presha ziendelee. Kuna aliyeacha vidonge baada ya kuambiwa atembee na wenzake, akidhani kutembea ndiyo dawa mpya. Siku hizi tunalisema hilo kabla hata ya kusalimiana.

Mama wa chapati alikuja mara ya tano. Yule CHP wa makamo aliweka kando fomu, akamuuliza anauza chapati ngapi kwa siku. Notisi ikatoka siku hiyo hiyo, hakungoja mara ya tatu. Alhamisi wakaenda pamoja kwa wakala wa landilodi, ghorofa ya pili juu ya duka la vyuma, nami nikafuatana nao kwa sababu wakala ni mtu tuliyesoma naye. Deni likagawanywa mara nne. Wakala hakuwa na karatasi safi, mama akatoa kile kikaratasi cha ushauri nasaha, akakikunjua kwa mara ya kwanza, akaandika tarehe za kulipa kwa nyuma. Presha yake wiki iliyofuata ilikuwa pale pale. Kichwa, alisema, kinauma usiku tu.